Mkonge, Tanga na Kutegemea Zao Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine nimeulizwa kwenye mikutano ya ushirika upande wa Korogwe, mengine ndani ya basi la Muheza, mengine kwa simu na vijana wanaotaka kuacha kazi mjini waje kulima. Mimi ni mkulima wa mkonge, binti wa mama aliyefanya kazi chumba cha kupigia nyuzi brashi, mjukuu wa manamba aliyetoka Kigoma. Zao hili silichukii, limenilea. Lakini nimeona lilivyoubeba mkoa mzima mgongoni na lilivyoutua kwa kishindo. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimetaja namba ya swali badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Mkonge na katani ni kitu kimoja?

Kwa mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Ukitaka kutenganisha, mmea ni mkonge, nyuzi zake ni singa, na katani ni jina la nyuzi na kamba, ingawa wengine huuita hivyo hata mmea wenyewe. Neno mkonge ni la zamani kuliko mmea tunaoujua leo. Watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa porini, wenye majani magumu yaliyosimama kama mapanga, wakiyakwangua kupata nyuzi za kusokota kamba. Mgeni alipokuja na nyuzi zinazofanana, akarithi jina la mwenyeji.

2. Ulifikaje Tanga?

Asili yake ni Mexico, rasi ya Yucatán, na jina lake la kigeni, sisal, limetokana na bandari ya huko iliyokuwa ikisafirisha nyuzi hizo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya kikoloni ya Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, mingi ikafia njiani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Ilipandwa Kikogwe, Pangani, na kutoka hapo ndipo mashamba ya Afrika Mashariki yalipoanza.

Watu hupenda kuisimulia hadithi ya miche 62 kama muujiza, na kweli inashangaza. Ila nikiisimulia kwa watoto huwa naongeza kwamba Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889, miaka minne tu kabla miche haijashushwa. Ardhi iliyopandwa ilikuwa imekwisha kutwaliwa kwa bunduki. Aliyechagua zao hakuwa mkulima wa Pangani.

3. Kwa nini mkoa mzima ulijengwa juu ya zao hili moja?

Kwa sababu ya maumbile ya jani lenyewe. Jani la mkonge ni maji matupu. Kilo 100 za majani mabichi hutoa kilo 4 hivi za singa kavu. Huwezi kusafirisha mzigo wa namna hiyo mbali, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe katikati ya shamba. Kiwanda ni ghali, kwa hiyo shamba lazima liwe kubwa ili kiwanda kisilale njaa. Shamba kubwa linataka watu wengi, na marobota yake yanataka reli na bandari. Ukishajenga vyote hivyo kwa ajili ya jani moja, kupanda kitu kingine ni kama kuvunja nyumba ili ubadili mlango.

Ndivyo ilivyokwenda. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo wa 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911. Ukipanda treni, au ukifuata barabara kutoka Muheza kupitia Hale na Ngombezi hadi Mazinde, unaona mashamba yalivyopangwa kando ya reli kama shanga. Utafiti nao ukafuata njia hiyohiyo: Amani kulikuwa na kituo cha Wajerumani tangu 1902, na 1934 kikaanzishwa kituo cha mkonge cha Mlingano, wilayani Muheza, kinachofanya kazi hadi leo.

Kisha vita vikatubana zaidi. Mwaka 1942 Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java, nchi za Magharibi zilipoteza nyuzi zao za huko, na Tanganyika ikatakiwa kuzalisha kwa nguvu zote. Watu walichukuliwa kwa amri kwenda kukata mkonge. Baadaye vita vya Korea vilipandisha bei mno, na hapo hata aliyekuwa na mashaka akapanda ekari nyingine.

4. Mnaposema "korona" mnamaanisha ugonjwa?

Hapana. Korona ni mashine ya kukwangua majani na kutoa singa, na jina hilo limetokana na aina ya mashine ya Kijerumani. Wazee wetu walilitumia kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 2020 wageni walishtuka kusikia mtu akisema "naenda korona", ndiyo maana swali hili limebaki kwenye orodha.

Jani huingia upande mmoja, maji mengi humwagwa, nyama ya jani hubaki chini na singa hutoka upande wa pili zikiwa zimelowa. Huanikwa kwenye nyaya juani, hupigwa brashi, hupangwa kwa madaraja, kisha hufungwa marobota ya kilo 250. Shika neno hili, maana maswali mengi yaliyo chini yanarudi kwenye korona.

## Watu wa mkonge

5. Manamba walikuwa nani?

Walikuwa wafanyakazi walioletwa kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, watu wa Ruanda na Urundi, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma na wengine wengi. Kila mmoja alipewa namba, na jina likazaliwa hapo. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, watu wakiiita Silabu. Malori yake yalijulikana hadi vijiji vya mwisho vya magharibi.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi ya siku 30. Mshahara ulilipwa siku 30 za kazi zikijaa, si mwezi wa kalenda ukiisha. Ukiugua, au usipomaliza kazi uliyopangiwa, siku hiyo haikuandikwa. Majani yalifungwa mafungu ya majani 30, na nyapara ndiye aliyehesabu. Babu alikuwa na kovu chini ya jicho la kushoto kwa sababu ya ncha ya jani. Mkata mkonge yeyote wa zamani atakuonyesha lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walioajiriwa kwenye mkonge nchini walizidi 100,000. Ndiyo maana Korogwe au Muheza utakuta mtu anazungumza Kisambaa sokoni, Kibondei kwa jirani na Kiha akiwa na bibi yake. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha kambini.

6. Kwa nini mnasema manamba walitegemea shamba hata kwa chakula?

Kwa sababu walikuwa wakipewa posho, hasa unga wa mahindi. Ardhi yote iliyozunguka kambi ilikuwa mkonge. Mashamba mengine yaliruhusu vibustani pembezoni, mengine hayakuruhusu. Mtu anayekula kutoka stoo ya mwajiri hawezi kugoma kwa muda mrefu, wala hawezi kungoja bei ipande. Nikisema utegemezi, naanzia kwenye sufuria hilo kabla sijafika kwenye takwimu za nchi.

7. Nimezaliwa kambini, wazazi wamestaafu, shamba limekufa. Ardhi hii ni yetu?

Swali hili hunijia kila mwezi, na sipendi kumdanganya mtu. Kuishi miaka 40 mahali hakukufanyi mmiliki kwa kujitokea. Mashamba makubwa mengi yana hati na yanaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Na. 5 ya mwaka huohuo. Halmashauri ya kijiji haina uwezo wa kukugawia ardhi iliyo ndani ya hati ya shamba, hata mwenyekiti akikupa karatasi yenye muhuri.

Yapo mashamba ambayo hati zake zilifutwa na ardhi kugawiwa wananchi. Kwa hiyo nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya, uliza hali ya hati ya shamba lile kwa jina lake, na uliza kwa maandishi. Kabla hujapata jibu usipande mkonge hapo, maana utangoja miaka mitatu uvune kitu ambacho mwenzako anaweza kukidai.

## Jinsi ulivyoanguka

8. Uzalishaji ulikuwa mkubwa kiasi gani, na umebaki kiasi gani?

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani 230,000 na ushee, ikaongoza duniani. Mkonge ndio ulioongoza kutuletea fedha za kigeni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi. Tangu 2019 Serikali imeuweka miongoni mwa mazao ya kimkakati, na shabaha iliyotangazwa ilikuwa tani 120,000 ifikapo 2025. Kwa sasa Brazil ndiyo ya kwanza duniani, nasi tunaifuata.

Ukiangalia namba hizo ukiwa mjini ni mstari unaoshuka. Ukiwa Magoma au Hale ni kambi zenye mabati yaliyotobolewa na kutu, trola zilizozama kwenye majani, na vijana waliokwenda Dar es Salaam.

9. Nani aliuangusha? Wengine wanasema ni Azimio la Arusha.

Azimio lilikuja 1967, na mwaka huohuo Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Uendeshaji ulikuwa na makosa, na wafanyakazi wa zamani wanayajua: mashine zilikosa vipuri, magugu yalipanda juu kuliko mkonge, fedha za kupandia upya hazikuonekana. Sitayaficha.

Lakini bei ilianza kuporomoka kabla, katikati ya miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya mkonge wetu ilikuwa ikisokotwa kuwa kamba za kufungia nyasi kavu na mazao kwenye mashamba ya Marekani na Ulaya. Kamba za plastiki zikaingia sokoni kwa bei ndogo, na mashine za kuvunia zikabadilika. Mkulima wa ng'ambo ambaye hajawahi kusikia jina Korogwe alibadilisha kamba, na kambi ya Ngombezi ikakosa mshahara. Huo ndio utegemezi ninaouzungumzia. Aliyeshika uamuzi hakutujua, nasi hatukumjua.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau. Mkonge unakaa shambani zaidi ya miaka kumi. Bei ikianguka leo, majani ya mkonge uliopandwa kwa bei ya jana bado yanakua. Mwenye mahindi hubadilisha mbegu msimu ujao. Mwenye mkonge ana muongo mzima mbele yake. Naye anayeanza kupanda bei ikipaa ghafla hana cha kuuza mpaka mwaka wa tatu au wa nne.

10. Kwa nini wakati ule hatukubadilisha zao?

Rejea swali la 3: kila kitu kilikuwa kimejengwa kwa ajili ya jani moja. Na yapo mashamba yaliyojaribu ng'ombe na mazao mengine. Lakini korona haikamui machungwa. Watu walikuwa na ujuzi wa kukata, kuanika, kupiga brashi. Mama yangu aliweza kupanga madaraja ya singa kwa kugusa tu, macho yakiwa kwingine. Ujuzi huo haukuwa na mnunuzi mwingine mkoani.

## Mkulima mdogo wa leo

11. Nina ekari tano. Nizipande zote mkonge?

Hapana. Najua bwana shamba na wenye kampeni watakwambia soko lipo, na ni kweli soko lipo. Nakujibu kwa kuhesabu miezi. Kuanzia siku ya kupanda hadi mkato wa kwanza ni miaka mitatu hivi, na kitalu ni zaidi ya mwaka kabla ya hapo. Ada za shule hazingoji. Wengi niliowaona wakiuza mkonge ukiwa mdogo kwa bei ya kutupa hawakushindwa kilimo, walishindwa kula mwaka wa pili.

Mimi katika ekari zangu sita, tatu ni mkonge, moja ni muhogo, moja na nusu ni mahindi na kunde, na nusu iliyobaki ina michungwa na minazi iliyopandwa na mama. Muhogo ndio umenifikisha hapa. Mwaka mbaya tumekula bada, yaani ugali wa muhogo, na dagaa na mkonge ukabaki shambani ukisubiri bei. Mwenye chakula ndani anaweza kumwambia mnunuzi "rudi wiki ijayo".

12. Lakini wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka.

Walisema, na wanaonikumbusha ni wengi. Methali hiyo inamhusu mtu mwenye mikono miwili anayekimbizana na mambo mawili kwa saa moja. Mkonge haukimbizwi. Ukishashika, unataka palizi na ukataji tu, mara moja au mbili kwa mwaka, na unavumilia jua ambalo mahindi hayalivumilii. Nafasi ya kulima kingine ipo. Mimi huwajibu kwa methali ya hapohapo nyumbani: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na kwenye mkonge, cha nduguye ni korona (swali la 15).

13. Mkonge unavunwa kwa miaka mingapi, na shamba linapangwaje?

Mkonge wa kawaida huishi miaka 10 hadi 12, kisha hutoa mlingoti, huchanua na kufa. Juu ya mlingoti huota vichipukizi vingi, na hivyo ndivyo mbegu ya kitalu. Maotea ya chini nayo hupandwa, ila hayalingani ukubwa, na shamba lisilolingana linasumbua wakati wa kukata.

Kuna haibridi 11648, iliyotokana na kazi ya watafiti wa huku kwetu Tanga. Inatoa majani mengi zaidi na inakaa muda mrefu zaidi kabla ya mlingoti. Udhaifu wake uko swali la 19.

Kwa nafasi, wengi tunapanda safu pacha: mita 4 kati ya pacha na pacha, mita 1 kati ya safu mbili za pacha, na sentimita 80 mche hadi mche. Ekari moja inabeba miche 2,000 hivi. Unapokata usikombe. Acha juu majani yasiyopungua 20, la sivyo mmea unadumaa na mkato unaofuata ni wa vijani vya kiganja.

14. Naweza kupanda mahindi katikati ya mkonge?

Unaweza, na ukiwa mkulima mdogo nasema upande. Ile nafasi ya mita 4 ni shamba kamili kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza. Kunde na maharage ni bora kuliko mahindi kwa sababu hayanyanyuki juu ya mche, tena yanarudisha rutuba. Mahindi weka mbali na mstari. Mkonge mchanga ukifunikwa na kivuli unanyong'onyea.

Zamani mameneja wa mashamba makubwa walikuwa wakali kwa jambo hili, wakitaka nafasi ile iwe safi au iwe na majani ya kufunika udongo. Baba alikuwa akipanda kunde kwa siri karibu na mtaro. Leo napanda mchana kweupe, na kila nikichuma mboga yake namkumbuka.

15. Korona iko mbali, au ina foleni. Nifanyeje?

Hapa ndipo penye moyo wa jambo zima, na nitakaa kidogo.

Jani likikatwa linaanza kukauka. Linatakiwa lifike korona ndani ya siku moja au mbili. Likichelewa, nyama inashikana na nyuzi, singa zinatoka zikiwa na madoa na daraja linashuka. Likichelewa zaidi ni mbolea. Huwezi kulihifadhi kama mahindi ghalani, wala kulibeba kwa baiskeli hadi mji mwingine kutafuta bei. Maana yake aliye na korona jirani ndiye bei yako, ratiba yako na usafiri wako. Mkulima mdogo anaambiwa yuko huru kwa kuwa ana ekari zake. Ana ekari, lakini mlango wa kutokea ni mmoja na ufunguo hauko kwake.

Mwaka mmoja nilikata mkonge wa ekari moja na nusu nikiwa nimeahidiwa trekta Jumatatu. Siku hiyo kiwanda tulichokuwa tukipeleka kiliharibikiwa mashine. Jumanne hapakuwa na taarifa. Alhamisi trekta ilikuja, na mpokeaji akanionyesha mafungu ya chini yaliyokwisha kuwa kahawia. Nililipwa chini ya nusu. Wakataji nilikuwa nimekwisha kuwalipa, kwa fedha ya mkopo. Nilikaa kwenye kichuguu nikiyatazama mafungu yaliyobaki, na nikaelewa kwamba babu na kipande chake na mimi na hati yangu tulikuwa tunasubiri mlango mmoja.

Tangu hapo ninafanya haya, na nawashauri wengine. Sikati bila namba ya zamu iliyoandikwa. Sikati zaidi ya mzigo wa trekta moja kwa siku. Nakata baada ya kuuliza kama mashine inafanya kazi leo, si jana. Na jambo kubwa zaidi: ushirika wetu umekubaliana kukusanya zamu za wanachama na kuzipeleka kiwandani kama orodha moja. Mtu mmoja akilalamika hupewa pole. Watu sabini wakisema hawakati wiki hii mpaka ratiba ibandikwe, ratiba hubandikwa.

16. Kwa nini AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika wa mazao, isinunue mashine yake?

Ndilo lengo, na vyama kadhaa vinalizungumza. Zipo mashine ndogo za kuhamishika, huku zikiitwa raspa, ambazo hufika shambani. Zinakula dizeli, zinataka mwendeshaji mzoefu maana zinaweza kuondoka na mkono, na mara nyingi hupoteza singa nyingi zaidi kuliko korona kubwa. Hata hivyo, kuwa na raspa moja kijijini kunabadilisha namna kiwanda kinavyozungumza nanyi. Kabla ya kukopa, fanyeni hesabu ya maji na ya mafuta kwa msimu mzima, si kwa siku ya maonyesho.

17. Tani ya singa inatangazwa kwa mamilioni. Mbona mimi napata kidogo?

Kwa sababu huuzi singa, unauza majani, au unauza singa baada ya kukatwa gharama. Kwa ile hesabu ya swali la 3, tani moja ya singa inatokana na tani 25 hivi za majani. Ondoa ukataji, usafiri, ukwanguaji, uanikaji, brashi, ufungaji na makato ya ushirika. Halafu kuna daraja: singa fupi au zenye madoa haziuzwi kwa bei inayosomwa redioni. Dai karatasi inayoonyesha kila kato na daraja ulilopewa. Kama umelipwa bila karatasi, hujui kama umepunjwa au umelima vibaya, na huwezi kurekebisha lolote kati ya hayo mawili.

## Maswali magumu

18. Mkonge unaua ardhi?

Hauui, lakini unachukua. Unanyonya chokaa nyingi, na mashamba yaliyolimwa mkonge mzunguko baada ya mzunguko bila kurudishiwa kitu yamechoka. Ukipanda tena majani yanatoka mafupi. Dawa ni kuongeza chokaa, kupumzisha ardhi kwa mimea jamii ya kunde, na kurudisha mabaki ya korona shambani.

Mabaki hayo ni asilimia 96 ya jani, na kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni. Wanaoishi kando ya mto Pangani wanaijua harufu yake. Katika miaka ya 2000 Hale kulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme, wa kwanza wa aina yake duniani. Kwangu mimi habari hiyo ilipaswa kuimbwa kama ile ya miche 62.

19. Magonjwa gani niyahofie?

Fukusi wa mkonge hutoboa moyo wa mmea, hasa mche mchanga. Kuna ugonjwa wa milia kama ya punda milia, unaoozesha jani na shina na kuipiga sana haibridi 11648 kwenye maji yaliyotuama. Na kuna madoa ya majani yanayojulikana duniani kwa jina la mji wetu, Korogwe. Shamba kubwa la aina moja ya mmea ni karamu kwa wadudu na vimelea, kwa hiyo kagua kitalu kabla hujanunua, na usichukue miche kutoka shamba lenye madoa hata ukipewa bure. Kwa utambuzi, peleka jani Mlingano.

20. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku. Mkonge si utarudi kama zamani?

Marufuku ya Juni 1, 2019 ilihusu mifuko ya kubebea. Kamba za plastiki bado zinauzwa kila duka la vifaa hapa Tanga mjini, na wavuvi wa ufukwe wa Deep Sea hawataziacha kesho. Soko la mkonge limebadilika zaidi kuliko limerudi: mazulia, vitambaa vya kung'arishia vyuma, singa za kuchanganya na plasta ya jasi huko Uarabuni, vikapu. Ni matumizi mengi madogo badala ya moja kubwa, na mimi naliona hilo kuwa jambo jema kuliko ile kamba moja ya kufungia nyasi.

21. Muheza wameacha mkonge wakaenda kwenye machungwa. Wao wamepona?

Wana chungwa la kula na kuuza bila korona, na hiyo ni nafuu. Lakini nenda Muheza msimu mkubwa katikati ya mwaka, uone machungwa yaliyolundikana chini ya miti na wanunuzi wakitaja bei wanayotaka. Wengi huuza yakiwa bado mtini. Anayelima chungwa peke yake ni sawa na jirani yangu anayelima mkonge peke yake, tofauti ni harufu tu.

22. Nimeingia mkataba: ardhi ni ya kampuni, mkonge ni wangu. Nikifa wanangu watapata nini?

Kilimo cha mkulima mdogo ndani ya mashamba makubwa kilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na mikataba yake haifanani. Soma wako, au msomewe mkiwa wawili. Tafuta mambo matatu: nani anamiliki mimea iliyosimama, mrithi anaingiaje, na deni la matunzo linahesabiwaje. Kisha andikisha mrithi kwenye daftari la ushirika ukiwa hai na mzima. Nimewaona wajane wawili waliolima na waume zao tangu siku ya kwanza wakiambiwa jina lao halipo. Mmoja alikuwa bado na udongo wa palizi ya asubuhi kwenye viganja.

23. Mkonge wangu umetoa milingoti shamba zima na bei iko chini. Niung'oe au niungoje?

Mmea wenye mlingoti umeshamaliza kazi yake, kwa hiyo hakuna cha kungoja. Vuna majani ya mwisho kabla hayajakauka, chukua vichipukizi kwenye milingoti mizuri uviweke kitaluni, milingoti yenyewe ukate kwa uzio na banda la kuku. Kisha kabla hujapanda tena, lima kunde msimu mmoja na mahindi msimu mmoja katika ardhi hiyo. Kitalu kitakuwa kinakua pembeni. Miche ikifikia kimo cha kupandwa utakuwa umekula mara mbili, na utaweza kuamua ni ekari ngapi zirudi kwenye mkonge ukiwa na gunia ndani.